Kidari cha Mwenye Bonde

Elias Mtui wa Marangu, aliyekuwa akikaa mtaa wa Mount Dennis mjini Toronto, juu ya duka la nywele za bandia, alikuwa Mchagga wa kwanza kupanda mlimani kula Krismasi katika nchi ambayo haina mlima. Nasema haina mlima kwa sababu mimi ni Mpare, milima naijua. Kile walichokiita mlima kule kaskazini mwa Toronto, kwetu tungekianikia mahindi.

Mpare na Mchagga ni watani, mnajua wenyewe. Kwa hiyo nitakayoyasema juu yake nina ruhusa nayo tangu enzi za mababu, na yeye alikuwa na ruhusa ya kunijibu, ila alikuwa mzito wa kujibu. Mimi nilimwita Mangi, yaani chifu. Yeye aliniita Mpare, basi, kama vile neno hilo peke yake lilikuwa tusi la kutosha.

Tulifanya kazi pamoja kwenye kiwanda cha magodoro. Yeye alipanga springi, mimi nilikuwa kwenye kazi kubwa zaidi ya kuyavisha nailoni, kazi inayotaka akili, ndiyo maana walimpa mtu aliyemaliza darasa la saba lile la zamani. Kabla ya magodoro, Elias alikuwa mpagazi wa watalii. Amepanda Kilimanjaro mara nyingi kuliko wazungu wote walioning'iniza cheti cha Kilimanjaro ukutani kwao, lakini kila safari alikuwa chini ya kitu cha mtu. Hema la mtu, sufuria la mtu, na safari moja choo cha mtu, kile cha kukunja. Cheti hakupewa. Nilimwambia kama wangekuwa na haki wangekipa cheti kile choo, maana nacho kilifika.

Sasa, Mchagga ana ugonjwa mmoja, nao hushika mwezi wa Desemba. Awe na duka Kigoma, awe na baa Mtwara, Desemba ikifika anafunga mlango anapanda nyumbani. Huko wanachinja mbuzi, na kila kipande kina mwenyewe. Shingo ya huyu, mguu wa yule, ukikosea ugomvi wake unafika Pasaka. Kule kwa akina Elias kidari kilikuwa cha mwenye kihamba, na kihamba ni lile shamba la ukoo lenye migomba na makaburi ya wazee, ambalo haliuzwi hata mtu awe amelewa. Na mtoto aliyezaliwa mbali lazima apelekwe hapo siku hiyo, aonwe, ale. Kabla ya hapo ni mgeni tu mwenye jina la ukoo.

Elias alikuwa naye mtoto wa namna hiyo. Wema, miaka kumi, amezaliwa Toronto. Kiswahili alikisikia chote, hata kile cha mafumbo tulichodhani tunamficha, lakini ukimsemesha anajibu Kiingereza. Kumpeleka Marangu hakukuwezekana. Karatasi za Elias zilikuwa bado ziko kwa wakubwa wa uhamiaji, na ukitoka kabla hazijatoka, huwezi kurudi. Zilikuwa huko tangu mtoto hajaota meno. Mwaka ule wa tisini na sita kaka yake alimpigia simu akasema mama anauliza mtoto ataletwa lini, kwa kuwa jicho moja limeshafunga na la pili halina uhakika. Elias akapanga springi wiki nzima bila kunijibu hata utani mdogo. Nikaona huyu anaumwa kweli.

Halafu shule ikawapeleka watoto kuteleza na mbao miguuni. Wema alirudi na goti lililovimba na beji ya kitambaa, akamwambia baba yake kwa Kiingereza kwamba ametoka mlimani. Elias akaweka kijiko chini. Akauliza mlima upi. Mtoto akaeleza kuna bonde, mwendo wa saa mbili kwa basi, lina mlima na watu wanapanda. Akauliza kama juu kuna theluji. Ipo. Akauliza kama wanapanda Desemba. Mtoto akamtazama kama mtu aliyeulizwa kama samaki wanaoga, akasema Desemba ndiyo wanaanza.

Kesho yake kiwandani Elias akazima mashine yake.

"Mpare, hilo gari lako linaweza kupanda?"

"Gari langu linaweza kupanda mti, Mangi. Wewe sema tunakwenda wapi."

Mkewe, Otilia, hakupenda. Otilia ni mtu wa Rombo, anafanya kazi ya kutunza wazee, na anasema mambo mara moja. Alisema mlima hauhamishwi, na kwamba kama kila mtu angekuwa anajichagulia mlima, yeye angechagua ulio karibu na kituo cha basi. Krismasi yenyewe alikuwa zamu, kwa hiyo ikabidi iwe siku ya pili yake. Lakini alipika mtori wa ndizi na nyama akajaza chupa mbili za chai ya moto, na mwanamke aliyejaza chupa mbili amekubali, hata akinuna.

Mbuzi tulimfuata Agincourt kwa Hasham, mwenye bucha. Hasham amezaliwa Moshi mjini, babu yake alikuwa na duka karibu na stesheni, na ukimwambia ndafu huna haja ya kumweleza kwamba ni mbuzi mzima wa kubanikwa. Elias akataka mbuzi mwenye kichwa. Hasham akauliza, "Na majani mdomoni?" Elias akasema na majani. Hasham akaingia nyuma akatoka na fungu la kotmiri, akasema majani ya nchi hii kwa wakati huu ndiyo hayo. Basi tukapanda barabara ya kaskazini na mbuzi amelala nyuma kwenye nailoni ya godoro, kotmiri mdomoni, Wema amekaa pembeni yake amejifunika kofia ya koti mpaka puani asije akaonwa na mtu wa shule yao. Niliendesha vizuri mno siku ile. Barabara ilikuwa barafu tupu, watu wameingia mitaroni kulia na kushoto, mimi napita nawapungia mkono.

Tulipofika, Elias akashuka akatazama juu muda mrefu. Nikamwacha. Mtu akikutana na mlima wake mpya huna haja ya kumharakisha.

"Kadogo," akasema.

"Kana aibu, Mangi. Kamejificha."

"Lakini kana theluji."

Hata hiyo theluji, kwa kweli, ilikuwa na maneno. Kando ya mteremko kulikuwa na mashine zinaunguruma, zinatema maji hewani, yakianguka ni theluji. Mimi nimeona watu wakichonga vinyago vya kale wakavifukia wiki moja ili vizeeke, kwa hiyo sikushangaa. Na watu wa kuteleza walikuwa wengi kama mnadani. Wanakaa kwenye viti vinavyoning'inia kwenye waya, wanavutwa mpaka juu, wanateleza mpaka chini, wanapanga foleni tena. Mtu analipa ili arudishwe pale pale alipokuwa amesimama. Elias aliwatazama wanavyopanda mikono mitupu, hakuna aliyewabebea hata soksi, na nikaona anatafuta wapagazi kwa macho.

Tukachagua mahali pazuri chini ya misonobari, mwanzo wa mteremko, tukawasha moto. Hapo ndipo wenzangu walipokosea. Mimi nilikuwa na wasiwasi tangu mwanzo, ila sikusema, nilikuwa na njaa. Elias alidhani mlima majira ya Krismasi ni wa yeyote aliyepanda. Kabla moshi haujanyooka akaja mlinzi mmoja wa makamo, koti jekundu, redio kifuani, akauliza tiketi zetu.

Wema ndiye aliyekuwa mkalimani. Otilia Kiingereza anakijua kuliko sisi sote, lakini alikuwa ameketi garini na chai yake, ameamua kutuangalia.

"Muulize," akasema Elias, "huu mlima ni wa nani."

Wema akauliza. Jibu likaja kwamba ni wa kampuni.

"Muulize hiyo kampuni imezika nani hapa."

Hilo Wema hakulitafsiri. Alivuta kofia ikafunika na macho. Mlinzi, kwa upande wake, alikuwa amemwona mbuzi. Akaongea na redio, halafu akasema tuzime moto tuondoke, la sivyo anaita polisi. Hakuwa mtu mbaya. Ila katika yote waliyomfundisha kuhusu tiketi, hakuna aliyemfundisha juu ya mbuzi mwenye kotmiri.

Tulipokuwa tunamwaga theluji juu ya moto, mzee mmoja mrefu akapenya mwanya wa uzio wa mbao akichechemea, amebeba ndoo ya maji. Aliona moshi akadhani mitufaa yake inaungua. Alipofika akamtazama mbuzi, akamtazama Elias, akaiweka ndoo chini. Jina lake Haskett. Nyumba yake, ya mbao, rangi imebanduka, ilikuwa imebaki peke yake pale bondeni katikati ya mahoteli, kama jino la mwisho la mzee mwenyewe. Akamwambia mlinzi kwamba ng'ambo ya uzio tiketi haifanyi kazi. Akatuambia tulete moto wetu. Elias akamtia mbuzi begani akavuka uzio kwa hatua fupi fupi za Marangu, nami nikatangaza kwamba mpagazi amerudi kazini.

Moto wa pili tuliuwasha kwa magogo ya mtufaa, na mti ule unaungua vizuri, nitake nisitake lazima niusifu. Mbuzi hakubanikwa haraka. Kwa hiyo mzee Haskett akasimulia, na Wema akatafsiri kwa namna yake, yaani mzee anasema Kiingereza na Wema anarudia Kiingereza kile kile polepole. Ilitusaidia.

Bonde lile wakati wa babu yake lilikuwa linaitwa Shimo la Matope. Babu alikuja na shoka na mke, akakata miti, akang'oa mawe mpaka mgongo ukapinda, akapanda matufaa. Baba yake akayakuta yamekomaa, yakamlisha miaka kadhaa. Halafu katika miaka ya thelathini ikaja baridi moja iliyoua mitufaa bonde zima kwa msimu mmoja. Watu wakiwa usingizini walisikia miti ikipasuka kama bunduki. Asubuhi kila mwenye shamba alikuwa mwenye kuni.

Baada ya hapo wakawa wanakula viazi tu. Siku moja wakaja vijana kutoka mjini na mbao miguuni, wakamwomba baba yake wateleze kwenye mteremko wake, ule mbaya usioota hata kiazi. Baba akawaona wanapanda kwa miguu kutwa nzima ili washuke mara tatu, akawahurumia kama anavyohurumiwa mgonjwa. Alikuwa na lori bovu. Akalipandisha juu ya mawe, akatoa tairi la nyuma, akazungusha kamba kwenye rimu, akaifikisha mpaka kileleni. Vijana wakaishika kamba, lori likawavuta. Mama Haskett akawauzia supu. Walisema majirani kwamba baba amepata kichaa, na majira yaliyofuata majirani nao wakatafuta malori mabovu.

Hapo ndipo kampuni iliposikia. Haikuja na fujo, mzee alisema, ilikuja na keki. Ilinunua shamba la yule aliyeumwa magoti, likafuata la mjane, likafuata la yule ambaye mwanawe amekuwa daktari wa meno mjini. Ikaleta waya na viti, ikaleta mashine za kutema theluji kwa kuwa theluji ya Mungu ilikuwa inachelewa na wageni wameshalipia. Mwisho ikaleta jina. Hakuna anayelipa kulala Shimo la Matope. Siku hizi linaitwa Bonde la Tirol, na wahudumu wamevishwa kaptula za ngozi za nchi ambayo hata mzee Haskett hajui iko upande gani.

Elias aliisikiliza habari hiyo amechuchumaa mbele ya moto, haigusi chai. Alikuwa anatikisa kichwa kwenye babu, anatikisa kwenye baba. Alipoona mbuzi ameiva akasimama, akatoa kisu, akakata kidari kizima, akakiweka kwenye sahani ya kigae ya Otilia. Akamshika Wema bega.

"Mwambie kwetu kidari ni cha mwenye kihamba. Mwambie tumekula kwake, na wewe mtoto wangu nimekuleta uonwe, na yeye ndiye amekuona."

Wema alisema kitu, kirefu, na safari hii hakurudia maneno ya mtu. Mzee Haskett aliipokea sahani kwa mikono miwili. Kisha akaongea na Wema peke yake, kwa sauti ya chini, akionyesha nyumba, akionyesha uzio. Tulimwona mtoto anabadilika uso. Akamgeukia baba yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue likatoka neno la Kiswahili, limenyooka, utadhani lilikuwa limekaa mlangoni linasubiri.

"Baba, ameshauza."

Alikuwa ametia sahihi mwezi uliotangulia. Hakuwa na mtoto wa kumwachia, na mguu wake ulikuwa hauwezi tena ngazi. Barafu ikiyeyuka nyumba itabomolewa, mitufaa aliyoipanda upya itang'olewa. Alitaka kurudisha nyama. Hakutaka kula kitu ambacho si chake.

Mimi, mtani, nilikuwa na utani wa kuutoa hapo, nao ulikuwa mzuri. Nikaumeza.

"Mwambie ale," akasema Elias. "Mpaka atakapotoka mlangoni bado ni chake."

Mzee akala. Alikula polepole mpaka akamaliza, tukamwona anafuta kidevu kwa mkono wa koti.

Tukashika njia ya kurudi. Wema alilala. Karibu na Mount Dennis Elias akasema, akiangalia kioo cha mbele, "Nimemwonyesha mtoto wangu kihamba kilichouzwa." Kwa Mchagga hilo ni zaidi ya mkosi. Ni kama umempeleka mtoto kubatizwa ukakuta maji yamekauka na padri anakusanya viti. Nilimwambia sisi Wapare tungeweka kesi mahakamani, ikadumu mpaka kampuni izeeke. Hata hakuniita Mpare.

Mwaka mzima ukapita hivyo. Karatasi hazikutoka. Kaka alipiga simu, jicho la pili la mama lilikuwa bado linaona mlango lakini si anayeingia. Desemba ilipoanza Elias alikuwa anaomba zamu za ziada, mpaka ya Krismasi, na msimamizi akampenda sana. Nilijua hakuna safari. Nilishaanza kumwambia kila mtu kiwandani kwamba gari langu ndilo lililokataa, ili kumwondolea aibu, na hiyo kwa gari langu ilikuwa sadaka kubwa.

Jumapili moja nimekaa kwao nakula mtori, Wema akaja na viatu vya theluji mkononi, akasimama mbele ya baba yake.

"Tunapanda lini?"

Elias akamwambia hakuna pa kupanda. Nyumba imebomolewa. Wema akasema anajua, maana shule imekwenda tena, ameona. Pamekuwa maegesho. Lakini hakuondoka pale mbele, na viatu havikuwekwa chini. Otilia, aliyekuwa ameinama kwenye oveni, akasema bila kugeuka kwamba yeye atabadilisha zamu.

Safari hii hatukubeba kuni. Hasham alimbanika mbuzi mwenyewe kwenye tanuri la mkwewe, akamtia kotmiri mbichi mdomoni tena bila kuambiwa, tukamfunga kwa blanketi abaki na joto. Tulipofika bondeni, mlinzi yule yule alikuwa kwenye kibanda kipya cha kioo, mlangoni mwa maegesho. Palipokuwa na nyumba pana mistari ya njano. Nikaegesha, kwa hesabu zangu, jikoni kwa mzee Haskett. Hakuna aliyetuuliza tiketi ya mlima. Kwenye maegesho unaweza kukaa mpaka uote mizizi, kosa ni kusimama mahali penye nyasi.

Tukafungua mlango wa nyuma. Elias akatoa kisu, akakata kidari, akakiweka kwenye sahani. Hapo akakwama. Alikishika kisu na sahani, anageuka huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba ya msiba akakuta wamehama. Mzee Haskett tulikuwa tumesikia yuko mji wa chini, kwenye nyumba ya wazee, hataki wageni. Nilitaka kujitolea kula mimi, kumpunguzia mzigo.

Wema akaichukua sahani mikononi mwa baba yake. Akatembea nayo kati ya magari, mvuke unapanda, mpaka kwenye kibanda cha kioo, akagonga. Mlinzi akafungua kidirisha. Hatukusikia walichosema, ila mtoto alisema sana, akionyesha mistari ya njano, akionyesha mlima, akituonyesha sisi. Mlinzi akatazama sahani. Akatazama redio yake, kana kwamba ndiyo itakayoamua. Kisha akavua glavu, moja, halafu ya pili, akapokea kwa mikono miwili kama alivyopokea mzee, nadhani aliambiwa, akala amesimama.

Alipomaliza akatoka kibandani na sahani, akaja mpaka kwenye gari, akatuonyesha kwa kidole kona ya ukuta ambapo upepo haufiki. Tukahamishia gari hapo. Elias alikula kwa mara ya kwanza siku ile, mguu mmoja ndani ya gari na mmoja kwenye theluji ya mashine, na mdomo wake ulikuwa unajitahidi usicheke.

"Mpare, umemwona mtoto? Amegawa."

"Nimemwona, Mangi. Amegawa vizuri. Lakini mtani hajapewa figo."

Akalipekua blanketi zima, akamgeuza mbuzi, akainama mpaka kichwa kikaingia mbavuni. Akauliza figo zimekwenda wapi. Nikamwambia zitakuwa zimepotelea njiani, barabara ilikuwa mbaya sana, na kwamba dereva mwingine yeyote angepoteza na maini.